Maisha ndani ya boti ya mbio za kuzunguka dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kufuatilia The Ocean Race huvutiwa kwanza na picha: boti ya kaboni imelala ubavu, tanga limejaa, maji yanafagia sitaha yote. Siku mbili tatu baadaye maswali yake hubadilika. Hawa watu wanalala wapi? Wanakula nini? Choo kiko wapi? Kwangu mimi hayo ndiyo maswali yenyewe. Kasi za boti hizi hazipishani sana, na ukifuatilia kwa muda utaona kwamba anayefika mbele mara nyingi ni yule ambaye watu wake walipata usingizi, wakala, wakabaki na nguo kavu na wakaendelea kusemezana vizuri hadi bandarini. Ndiyo maana ukurasa huu unakaa zaidi chini ya sitaha kuliko juu yake.

Hizi ni mbio gani hasa?

Zilianza Septemba 1973 huko Portsmouth, Uingereza, kwa jina la Whitbread Round the World Race. Boti 17 ziling'oa nanga, na iliyoshinda ilikuwa Sayula II ya Mexico chini ya nahodha Ramón Carlin. Baadaye zikaitwa Volvo Ocean Race, na sasa ni The Ocean Race. Huendeshwa kwa vipande: timu zinatoka bandari moja hadi nyingine, zinapumzika, zinaondoka tena.

Msimu wa 2023 ulianzia Alicante, Hispania, tarehe 15 Januari, ukapita Mindelo huko Cabo Verde, Cape Town, Itajaí nchini Brazil, Newport nchini Marekani, Aarhus nchini Denmark na The Hague nchini Uholanzi, ukaishia Genova, Italia. Kipande cha Cape Town hadi Itajaí kilikuwa na maili 12,750 za baharini, zaidi ya kilomita 23,600, na hakijawahi kuwapo kirefu kama hicho katika historia ya mbio hizi. Boti iliyokishinda, Malizia ya nahodha Mjerumani Boris Herrmann, ilikaa majini siku 35 bila kugusa nchi kavu.

Usizichanganye na Vendée Globe, ambako mtu anazunguka dunia peke yake bila kusimama wala kusaidiwa.

Ndani ya boti kuna watu wangapi?

Inategemea mwaka. Boti za 2014 hadi 2018 zilikuwa na urefu wa mita 20 hivi na zilibeba mabaharia saba hadi 11. Mwaka 2023 zilitumika boti za aina ya IMOCA, futi 60, zenye mabawa yanayoinyanyua boti juu ya maji. Hizo zilibeba mabaharia wanne tu, na mtu wa tano ni mwandishi wa habari.

Wanne! Hebu fikiria maana yake. Nahodha ndiye huyohuyo fundi umeme, anayesoma ramani ndiye anayeshona tanga lililochanika, na aliyepewa mafunzo ya udaktari ndiye anayepanda mlingoti. Mmoja akiumia, robo nzima ya nguvu kazi imelala.

Mwandishi haruhusiwi kushika usukani wala kuvuta kamba. Anapiga picha, anarekodi, anatuma habari kwa setilaiti. Lakini anaruhusiwa kupika, kufua maji ngamani (yaani kutoa maji yaliyoingia chini ya boti) na kusafisha, na timu zenye busara hufurahi sana kumpata mwandishi anayejua kuchemsha maji kwa wakati bila kuambiwa.

Zamu zinakwendaje, na wanalala saa ngapi?

Kwenye boti zinazoshikwa usukani kwa mkono, mpango uliozoeleka ni saa nne kazini na saa nne mapumziko, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Nahodha na mtu wa ramani mara nyingi hawamo kwenye zamu maalumu. Wanalala wanapoweza na kuamka wanapohitajika, yaani karibu kila wakati.

Saa nne za mapumziko si saa nne za usingizi. Chukua baharia anayetakiwa juu saa nne usiku. Anaamshwa dakika ishirini au thelathini kabla, kwa sababu kuvaa tu ni kazi. Anakaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa boti, maana akisimama kwa mguu mmoja atarushwa. Anavaa nguo za ndani za sufu, suti isiyopitisha maji ambayo shingo yake inabana kama kifuniko cha chupa, buti ambazo ndani zina unyevu tangu wiki iliyopita, jaketi la kujiokolea, kamba ya usalama, taa ya kichwani. Anakunywa kitu cha moto. Kisha anapanda. Mwenzake anashuka, anavua vyote hivyo kwa mpangilio wa kinyume, anakula, na anaingia kwenye kitanda kilekile kikiwa bado na joto la aliyetoka, mara nyingi kwenye mfuko uleule wa kulalia. Ikitokea amri ya kubadilisha tanga katikati ya saa zake, anaamshwa tena.

Ukijumlisha, usingizi unakuwa saa nne hadi sita kwa siku, tena vipande vipande. Kwenye IMOCA usukani unashikwa na mashine karibu muda wote, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kulinda zamu huku mwingine akiwa tayari karibu yake. Wengi hudhani hilo limerahisisha maisha. Limepunguza uchovu wa mikono, ni kweli, lakini boti inakwenda kasi zaidi na inaruka zaidi, na usingizi umekuwa mgumu kuliko zamani.

Kwa nini wanalala miguu ikielekea omo, yaani mbele ya boti?

Kwa sababu boti inaweza kusimama ghafla. Ikiingiza pua kwenye wimbi au ikigonga kitu, kila kilichomo ndani kinaendelea kwenda mbele. Aliyetanguliza miguu ataumia magoti au vifundo. Aliyetanguliza kichwa anaweza kuvunjika shingo.

Kitanda chenyewe ni turubai au wavu uliotandazwa kwenye fremu ya bomba, na kina kamba ya kukiinua upande mmoja. Boti ikilala ubavu, unavuta kamba hadi kitanda kiwe sawa, la sivyo unaviringika.

Wanakula nini?

Chakula kikavu kilichoondolewa maji kiwandani. Unamimina maji ya moto ndani ya pakiti au bakuli, unakoroga, unasubiri dakika kadhaa, unakula kwa kijiko. Kuna wali, tambi, nyama ya kusaga, kari, uji wa shayiri. Vyote huishia kuwa na ulaini uleule mdomoni, na mabaharia wakifika nchi kavu kitu cha kwanza wanachokitamani ni kitu cha kutafuna: tunda bichi, saladi, nyama ya kuchoma.

Jiko ni kichomeo kimoja kidogo cha gesi kinachoning'inia ili kibaki wima boti ikiyumba. Vyakula hupakiwa kwenye mifuko, mfuko mmoja kwa siku moja, na ndani yake mna milo mikuu, karanga, chokoleti na biskuti. Baharia anayefanya kazi nzito katika baridi ya Bahari ya Kusini anahitaji kalori 5,000 hivi kwa siku, mara mbili ya mahitaji ya mtu wa ofisini, na bado wengi hufika wamepungua kilo kadhaa.

Kila gramu ina mjadala. Ukipakia chakula kingi, boti inakuwa nzito. Ukipakia kidogo, upepo ukigoma mtaanza mgao wa nusu sahani. Wapo wanaokata mpini wa mswaki kupunguza uzito. Mimi naelewa nidhamu hiyo, lakini kuna jambo napenda kulikumbusha: Sayula II, iliyoshinda mbio za kwanza kabisa, ilisifika kwa chakula kizuri na mvinyo mezani. Carlin aliamini kwamba watu walioshiba na kufurahi wataendesha boti vizuri, na matokeo hayakumwangusha.

Maji ya kunywa je?

Yanatengenezwa humohumo. Mashine inayasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia chujio laini sana linalozuia chumvi. Hayana ladha, kwa hiyo huongezwa unga wa matunda au wa chumvichumvi za mwili. Mashine hiyo ikifa, timu ina pampu ndogo ya mkono kwa dharura, ambayo hutoa maji kwa mateso. Ndiyo maana chujio hutunzwa kwa heshima kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya boti.

Choo na kuoga?

Boti za 2014 hadi 2018 zilikuwa na choo kimoja kidogo mbele, bila mlango wa maana. Kwenye IMOCA ni ndoo. Watu wanazoea siku ya pili au ya tatu. Aibu haina nafasi pale ambapo kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua.

Kuoga hakuna. Kuna tishu zenye maji, na kuna mvua. Karibu na ikweta mawingu mazito hushusha mvua kubwa, na hapo utaona mabaharia wametoka nje na sabuni. Huko kusini, ambako maji yana nyuzi tano hivi, hakuna anayejaribu. Tatizo kubwa si harufu. Ni chumvi: inakaa kwenye nguo, inasugua ngozi, na mtu anayeshinda ameketi kwenye unyevu anapata vidonda na vipele makalioni na kwenye viganja. Poda ya mtoto na krimu ya kupaka ni mali ya thamani.

Nimewaona kwenye video wakihamisha magunia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wanafanya nini?

Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna aliyewahi kuipenda. Boti ya matanga inalazwa na upepo, na ikilala sana inapoteza kasi. Kwa hiyo kila chenye uzito hupangwa joshini, upande unakotoka upepo: matanga ya akiba, mifuko ya chakula, vipuri, vifaa, hata mifuko ya nguo. Aliyewahi kupanda ngalawa au jahazi dogo anaujua mchezo huu, maana na sisi watu huhamia joshini kuizuia isipinduke. Tofauti ni kwamba hapa wanahamisha mamia ya kilo.

Kila boti inapogeuzwa upande, joshini inakuwa demani na demani inakuwa joshini. Basi mzigo wote unahamishwa tena, ndani na nje, wakati mwingine saa nane za usiku, kila mtu akiamshwa, hata aliyeingia kitandani dakika tano zilizopita. Tanga lililolowa ni zito na linateleza. Ukigeuka mara sita kwa usiku mmoja, umehamisha nyumba mara sita.

Uamuzi wa kugeuka, kwa hiyo, haupimwi kwa upepo peke yake. Nahodha mzuri anajiuliza pia: watu wangu wamelala kiasi gani?

Hali ndani ikoje wakati boti inakwenda kasi?

Kelele. Mwili wa kaboni ni mwembamba na mtupu, unavuma kama ngoma, na mabawa yanapiga filimbi majini. Mwezi Mei 2023, kwenye kipande cha Newport hadi Aarhus, Malizia na Holcim-PRB zilipita maili 640 kila moja ndani ya saa 24. Hizo ni kilomita 1,185 na zaidi, kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara, kwa nguvu ya upepo tu. Ndani wakati huo hutembei. Unatambaa ukishika kitu, na wengi huvaa vizuia sauti masikioni.

Kisha kuna upande wa pili, shwari ya ikweta. Ukanda huo hauna upepo wa kutegemewa: boti inasimama kabisa, tanga linapigapiga, jua linachoma, na ndani panakuwa tanuri. Halafu wingu moja jeusi linaleta dhoruba ya nusu saa na kuondoka. Timu iliyokuwa mbele kwa maili mia inaweza kuamka na kukuta wote wamekusanyika tena. Wanaovuka ikweta kwa mara ya kwanza hufanyiwa mila ya mabaharia: mmoja anavaa kama mfalme wa bahari, anawahukumu wageni, anawamwagia mchanganyiko wa mabaki ya chakula yaliyooza, pengine anawanyoa nywele.

Mtu akiumwa au akiumia?

Kila timu ina watu waliofunzwa kushona majeraha, kudunga sindano na kufunga mfupa uliovunjika, na ina daktari wa nchi kavu wanayemfikia kwa setilaiti. Zaidi ya hapo, ni subira. Katikati ya Pasifiki ya Kusini kuna mahali panapoitwa Point Nemo, karibu kilomita 2,700 kutoka nchi kavu iliyo jirani zaidi. Wanaanga wakipita juu na kituo chao, kilomita 400 hivi angani, mara nyingi ndio binadamu walio karibu zaidi nawe. Helikopta haifiki huko.

Mwaka 2023, kwenye kile kipande cha siku 35, baharia Rosalin Kuiper wa Malizia alirushwa kutoka kitandani boti ilipopiga wimbi, akapata jeraha la kichwa na mtikisiko wa ubongo. Ilibidi alale, na wenzake watatu wakaendesha boti huku wakimuuguza. Alikuwa kitandani, mahali panapodhaniwa kuwa salama kuliko pote. Ndiyo sababu siku hizi utawaona mabaharia wamevaa kofia ngumu hata ndani.

Akianguka baharini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na nalijibu waziwazi. Watu wamekufa. Mbio za kwanza za 1973–74 ziliondoa uhai wa mabaharia watatu. Mwaka 2006 Hans Horrevoets wa ABN AMRO TWO alisombwa na wimbi Atlantiki. Wenzake walimpata lakini alikuwa ameshafariki. Siku chache baadaye boti hiyohiyo, mwili wake ukiwa bado ndani, iliwaokoa mabaharia wa timu ya movistar ambayo chombo chao kilikuwa kinaingiza maji.

Tarehe 26 Machi 2018, John Fisher wa timu ya Scallywag alikuwa maili 1,400 magharibi mwa Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Alikuwa amefungua kamba yake ya usalama kwa muda mfupi ili asogee mahali pengine. Wakati huohuo tanga kuu likahama upande ghafla, kamba zake zikampiga na kumtupa majini. Walimtafuta kwa saa kadhaa katika upepo mkali na mawimbi makubwa, wakashindwa kumpata, na hali ya hewa iliyokuwa inakuja ikawalazimu kuelekea Chile.

Mwezi Januari mwaka huohuo, baharia mwingine wa timu hiyo, Alex Gough, alitupwa na wimbi katika Pasifiki, naye aliopolewa ndani ya dakika chache kwa sababu ilikuwa mchana, maji yana joto, na aliyeshika usukani alimwona akienda. Kila baharia hubeba kifaa kinachotuma mahali alipo kwenye skrini ya boti. Kinasaidia, lakini boti inayokwenda mafundo 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, inakuacha karibu mita 13 kila sekunde, na kuishusha matanga na kuigeuza kunachukua muda. Kamba ya usalama ndiyo uhai. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mbio hizi zimewahi kupita upande wetu wa Bahari ya Hindi?

Ndiyo, na habari zake ni nzito. Msimu wa 2011–12 ulikuwa na kipande cha Cape Town hadi Abu Dhabi wakati uharamia wa pwani ya Somalia ukiwa juu. Waandaaji waliona hatari ya boti ndogo zisizo na silaha kupita humo. Mashindano yakasimamishwa katikati ya bahari, boti zikapandishwa kwenye meli yenye ulinzi wa silaha, kutoka bandari iliyofanywa siri, ambayo baadaye ilijulikana kuwa Malé huko Maldivi, hadi Sharjah, na kutoka hapo zikamalizia kwa mbio fupi hadi Abu Dhabi.

Mwaka 2014 njia ilikuwa ileile. Eneo kubwa la maji ya Afrika Mashariki lilikuwa limepigwa marufuku kwa timu, na mipaka yake ikabadilishwa muda mfupi kabla ya kuondoka Cape Town kwa sababu ya hali ya hewa. Usiku wa tarehe 29 Novemba, Team Vestas Wind ya nahodha Chris Nicholson ilikuwa inakwenda mafundo 19 kaskazini mashariki mwa Mauritius. Ramani ya kwenye kompyuta, ikiwa imetazamwa kwa mbali, ilionyesha kina cha kama mita 40. Wakaona pako salama. Ungeikuza ramani ileile, ungeuona mwamba mzima wa Cargados Carajos, ambao wavuvi wa Mauritius wanaujua vizuri.

Boti ilipanda juu ya mwamba gizani. Usukani ukavunjika, tezi, yaani nyuma ya boti, ikawa inapigwa na mawimbi. Timu ya Alvimedica iliacha mashindano na kukaa jirani usiku huo ikiwa tayari kusaidia. Kabla ya mapambazuko watu wote tisa waliteremka, wakatembea kwenye maji ya magotini hadi sehemu kavu ya mwamba, wakachukuliwa na boti ya walinzi wa pwani. Hakuna aliyepoteza maisha. Mabaki ya boti yakavutwa, yakapelekwa Italia, yakajengwa upya, na mwezi Juni 2015 boti ilirudi mashindanoni Lisbon.

Hakuna dhoruba iliyoleta ajali hiyo. Ilitokea mezani, chini ya sitaha, kwa kutokubonyeza kitufe cha kukuza ramani. Funzo lake ni wazi: njia iliyopangwa ikaguliwe na mtu wa pili.

Ukiangalia kalenda utaona pia kwamba boti hizo zilipanda kuelekea Ghuba mwezi Desemba, kaskazi ikishika, msimu ambao majahazi ya Arabuni yalikuwa yanashuka kuja kwetu. Nahodha wa zamani wa Lamu au wa Sur huko Oman angesubiri kusi.

Kitu kikivunjika, nani anatengeneza?

Wenyewe. Siku chache baada ya kutoka Cape Town mwaka 2023, Malizia ilipata ufa karibu na kilele cha mlingoti baada ya tanga moja la mbele kuanguka. Walikuwa na uamuzi: kurudi Cape Town au kwenda kusini na mlingoti wenye ufa. Walisubiri bahari itulie kidogo, kisha Rosalin Kuiper na Will Harris wakapanda, zaidi ya mita 25 juu, mahali ambapo kila myumbo mdogo wa chini unakuwa bembea. Walisugua pale penye ufa, wakabandika tabaka za nyuzi za kaboni na gundi, wakashuka. Ndiyo boti iliyofika Itajaí ya kwanza.

Wanawake wanashiriki?

Tangu msimu wa 2023 kila timu lazima iwe na angalau baharia mmoja mwanamke. Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Tracy Edwards wa Uingereza alishiriki mbio za 1985–86 akiwa mpishi. Aliporudi mwaka 1989 alikuwa nahodha wa Maiden, timu ya kwanza ya wanawake pekee, na wakashinda vipande viwili katika daraja lao. Nafasi ya mpishi ilimfundisha boti nzima: nani amechoka, nani hasemi na nani, chakula kitaisha lini. Mwaka 2015 Team SCA ilishinda kipande cha Lisbon hadi Lorient, na mwaka 2018 Carolijn Brouwer na Marie Riou wakawa wanawake wa kwanza kushinda mbio nzima, wakiwa na timu ya Dongfeng.

Hawagombani?

Wanagombana. Njaa na usingizi mchache humfanya mtu achukie hata namna mwenzake anavyokoroga chai. Hakuna mlango wa kufunga wala mahali pa kwenda kutembea. Timu nzuri huwa na taratibu ndogo: lawama haipelekwi kwa aliyetoka kuamshwa, anayeshuka zamu humwachia anayepanda maji ya moto, na jambo la jana halirudishwi leo. Nawaheshimu sana manahodha wanaochagua watu kwa tabia kabla ya misuli.

Takataka wanatupa baharini?

Plastiki hairuhusiwi kutupwa popote baharini. Pakiti zote zinakandamizwa na kurudi nazo bandarini. Baadhi ya timu hubeba pia vipimo vya maji kwa ajili ya wanasayansi. Msimu wa 2017–18 vipimo hivyo vilikuta chembechembe za plastiki hata karibu na Point Nemo, mahali pasipokaliwa na mtu yeyote.

Mshindi analipwa kiasi gani?

Hakuna zawadi ya fedha. Kuna kombe. Mabaharia hulipwa na timu zao, na timu hulipwa na wafadhili.

Mimi si baharia wa kulipwa. Naweza kupata maisha haya?

Kuna Clipper Round the World Race, iliyoasisiwa na Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa tanga peke yake bila kusimama, mwaka 1968–69. Boti zake zina futi 70, nahodha na msaidizi wake ni wataalamu, na waliobaki ni walimu, wauguzi, madereva, wastaafu, wanaolipia nafasi zao kwa kipande kimoja au kwa mzunguko mzima. Wengi hawakuwahi kushika kamba kabla. Lazima upitie ngazi nne za mafunzo, na gharama ni kubwa, hilo lisikushtue baadaye. Huko utapangiwa pia siku za jikoni: wawili mnaachiwa kupika na kusafisha kwa ajili ya watu karibu ishirini, mchana kutwa, boti ikiwa imelala ubavu.

Kama fedha hiyo haipo, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kuna klabu za boti za matanga zenye mashindano yao. Anzia kwenye boti ndogo. Jifunze kuogelea ukiwa na nguo, kufunga kamba gizani, na kukaa saa tatu umelowa bila kumkaripia mtu.